Pumzi ya Bibi Duma

Hadithi hiyooo!

Ije!

Ije mbio au ije polepole?

Ije polepole, tuisikie!

Haya. Juzi mmenichosha na rekodi zenu. Mara kuna treni inayokimbia kushinda upepo, mara kuna mtu anayemaliza mita mia kabla hujapiga chafya ya pili. Sawa, nimesikia. Leo nisikilizeni mimi. Nawe unayesinzia pale nyuma, amka, hii inakuhusu.

Hapo kale, kale sana, wanyama wa nyika nao walikuwa na rekodi yao. Walikimbia kutoka kwenye kichuguu chekundu mpaka mtoni. Saa hawakuwa nayo. Walikuwa na ndege Kwale. Mkimbiaji akitoka tu, Kwale huanza kulia, kwaa, kwaa, kwaa, mpaka mkimbiaji afike. Kisha milio inahesabiwa. Rekodi ilikuwa ya Bibi Duma: milio mitano.

Bibi Duma alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidoa. Alimpenda mno. Kila alipokwenda kukimbia alimficha katika majani marefu ya kando ya mto, akamwambia, "Mwanangu, lala chini, tulia. Akikuita mwingine yeyote, usitoke. Utoke ukisikia sauti yangu tu."

Na sauti yenyewe si ngurumo. Duma humwita mtoto wake kwa sauti nyembamba kama ya ndege: chiu, chiu.

"Ndiyo, mama," alisema Kidoa. Alikuwa mtoto msikivu, si kama nyinyi.

Siku ya kwanza akaja Swala. "Bibi Duma, nimekuja kuivunja rekodi yako."

Wakakimbia. Duma akashinda, milio mitano. Akaenda kwenye majani, akafungua kinywa amwite mtoto. Sauti haikutoka. Akahema, akahema, kisha, chiu, chiu. Kidoa akachomoza kichwa.

"Mama, umechelewa."

"Nilikuwa natafuta pumzi, mwanangu."

Siku ya pili akaja Mbuni, miguu mirefu, shingo juu. "Bibi Duma, nimekuja kuivunja rekodi yako."

Wakakimbia. Duma akashinda, milio minne! Wanyama wakashangilia mpaka vumbi likatimka. Duma akaenda kwenye majani, akahema, akahema, akahema. Jua likasogea. Ndipo sauti ikatoka: chiu, chiu. Kidoa akatoka.

"Mama, fisi alipita hapa. Nilidhani hutaniita tena."

Duma akamlamba masikio. Moyo ulimuuma, siwafichi. Lakini sifa ni tamu, nanyi mnajua. Akajisemea, "Mara moja tu, kisha basi."

Siku ya tatu akaja Kozi, yule ndege anayejitupa kutoka mawinguni. "Bibi Duma, nimekuja kuivunja rekodi yako."

Mbuni akadakia, "Wewe hukimbii, unaanguka! Hata jiwe huanguka."

"Jiwe halichagui pa kutua," alisema Kozi.

Kwale akawanyamazisha. "Mwacheni ashindane. Atakayegusa maji kwanza ndiye."

Wakatoka, mmoja chini, mmoja juu. Kwaa! Kwaa! Kwaa! Wakafika. Milio mitatu! Tangu nyika iwe nyika haijaonekana. Lakini nani kagusa maji kwanza? Hapo ikawa kelele. Huyu anasema Duma, yule anasema Kozi, na wote wawili hakuna mwenye nguvu ya kujitetea.

Wanabishana hivyo, upepo ukaleta moshi. Nyika imeshika moto! Na moto unakuja moja kwa moja kwenye yale majani marefu.

Duma akaruka. Akafika kwenye majani, akafungua kinywa. Hhh, hhh. Pumzi hakuna. Sauti haitoki.

Swala akaita, "Kidoa, toka, moto!" Kidoa akasikia, akalala chini zaidi.

Mbuni akaita, "Kidoa, mama yako anakutaka!" Kidoa akafumba macho. Sauti ile si ya mama.

Kozi akapaa, akazunguka juu ya majani. Macho yake huona panya aliye chini hata yeye akiwa mbinguni, lakini siku hiyo aliona moshi tu, na majani yenye madoa ya kivuli.

Duma akajitupa majanini, huku, kule, huku tena. Kila akikimbia, pumzi inazidi kumtoka. Wanyama wakapiga kelele, "Kimbia, Bibi Duma! Kimbia!"

Kwale peke yake akasema, "Bibi, kaa chini."

Duma akamtazama kama anayetazama mwendawazimu.

"Kaa chini upumue. Nitakuhesabia."

Naye Duma, mwenye mbio kuliko wote, akakaa. Wanangu, hakuna alilowahi kufanya likawa gumu kama hilo. Mtoto yuko motoni, na mama amekaa. Kwaa. Akavuta pumzi. Kwaa. Akavuta tena. Moshi ukamwingia machoni. Kwaa. Mwili wote unataka kuinuka. Kwaa. Hakuinuka. Machozi yanamtiririka, naye anapumua tu.

Mlio wa tisa, sauti ikatoka: chiu, chiu.

Majani yakatikisika. Kidoa akatoka, sharubu zimeungua upande mmoja. Mama akamdaka kwa ngozi ya shingo, akavuka naye mto.

Ng'ambo ile Kwale akauliza, "Bibi Duma, rekodi ya leo niseme ni ya nani?"

Duma alikuwa anamlamba mtoto, doa kwa doa.

Kidoa akauliza, "Mama, leo umekimbia kwa milio mingapi?"

"Mitatu."

"Na kuniita?"

"Tisa."

Kidoa akafikiri. "Ni mingi, mama."

"Ni mingi mno, mwanangu. Nisamehe."

Tangu siku hiyo duma hukimbia mbio fupi, kisha husimama, hata kama swala yuko hatua moja mbele. Watu husema amechoka. Hajachoka. Anabakiza pumzi ya kumwita mtoto.

Basi kimbieni, wanangu, vunjeni rekodi mzitakazo. Ila pumzi yenu msiimalize yote kwa wanaowashangilia, mkakosa ya kumwita anayewangoja.

Hadithi yangu imefika, imeketi.

Iketi, ipumzike!

Mwenye yake na ainue.