Uji wa Mama Pimbi

Nije, nisije?
Njoo!
Nije na nini?
Na uwongo ulioiva!

Ngo, ngo, ngo! Usiku wa manane mwamba ukagongwa. Mama Pimbi, aliyejifungua juzi tu, akamkumbatia mwanawe. Mumewe yuko msibani, nyumba yenyewe ni ufa tu mwambani, na sauti hiyo, jamani, anaijua. Fisi!

"Hodi, shemeji! Nimekuja kumwona mtoto. Nimpakate kidogo tu."

"Hapana."

"Kidogo tu!"

"Amelala!"

"Nitampakata hivyo hivyo. Kidogo tu!"

Ngo, ngo, ngo! Mama Pimbi hasira zikampanda. Kwani hiyo hapana yake ina kasoro gani? Unakataa, unakataa tena, mwenzio anaona unamtania! Na Fisi, alivyokondeana kwa njaa, akajipenyeza ufani: kichwa, mabega, tumbo. Meno nje, mate churuchuru.

Mama Pimbi akakitazama chungu chake mekoni.

"Haya, shemeji, umeshinda. Ila mila unaijua: asiyekunywa uji wa mzazi hampakati mtoto mchanga."

"Lete upesi!"

Gu, gu, gu. "Sasa mtoto."

"Ongeza kidogo tu."

"Nimeshiba."

"Kidogo tu, shemeji! Unaudharau uji wangu?"

Gu, gu, gu. "Mtoto!"

"Kidogo tu! Au una kinyongo na mwanangu?"

Gu... gu... Tumbo likavimba, ndi! Mbele haendi, nyuma harudi. Siafu wakaunusa uji uliomwagika mlangoni, wakampanda mapajani.

"Yalaa! Shemeji, nisukume!"

"Nikusukume na hujamaliza? Kidogo tu!"

Fisi akajivuta kwa nguvu zote, kwaruu! Akachomoka, kiuno kikashuka, na hakijanyooka hadi leo.

Huko nje sauti ikasikika, ndogo, ya aibu: "Shemeji, usimwambie mtu."

"Simwambii."

"Apa!"

"Nimeapa."

"Apa tena! Kidogo tu!"

Hadithi yangu nimeitua hapo. Funzo lake, watoto: kung'ang'aniza ni utovu wa adabu, kwa hiyo kamwe msimng'ang'anize mgeni chakula. Na Mama Pimbi ni muungwana, kiapo alikishika: zaidi ya mimi hakumwambia mtu. Nami nilimwahidi vivyo hivyo: zaidi ya ninyi, simwambii mtu mwingine.