Fisi Mwenyekiti wa Kisima

Anayetaka kusikia akae, asiyetaka aende zake, maana hadithi hii haimngojei mtu. Palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa na mto, na mwaka huo mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu wa kuunguza nyayo. Mvua za vuli zilifika mlimani zikageuka. Za masika hazikuonekana kabisa.

Simba, mkuu wa bonde, alikuwa na bwawa lake, nalo limebaki tope. Wengine walilamba umande. Wa kumlalamikia hawakuwa naye, kwa sababu barazani kwa Simba alisema Simba, wakaitikia wote, mkutano ukafungwa. Ndivyo walivyozoea toka kwa babu zao.

Aliyechoshwa na mambo hayo ni Nungunungu. Alikuwa mwalimu mkali, miiba imemsimama hata akicheka, na shule yake ilikuwa pale pale kwenye mchanga wa mto. Hakuwafundisha vijana kuimba. Aliwafundisha kuendesha mkutano wa kijiji. Kila juma darasa liligeuka kijiji: mmoja mwenyekiti, mmoja katibu, waliobaki wanakijiji wenye haki ya kuuliza, kubisha na kunung'unika.

"Igizeni," aliwaambia, "lakini igizeni sawasawa. Mkizoea kuamua ovyo hapa, mtaamuliwa ovyo huko nje."

Na ili wasiigize hewani, aliwapa kitu cha kuendesha. Ngiri alichimba mchanga kwa meno yake, wenzake wakauzoa, mpaka maji yakatoka chini: machache, ya kukinga kwa subira. Kikawa kisima cha shule. Mkutano wa darasa ukaamua kila mwanafunzi achote kata moja asubuhi, basi. Kata ya Sungura haikuingia kinywani mwake. Aliipeleka shimoni kwa mama yake, aliyekuwa amejifungua juzijuzi na maziwa yanamtoka kwa shida. Siku kata ile ingekosekana, wadogo zake wasingeona mvua ikinyesha, na Sungura alilijua hilo vizuri.

Harufu ya maji haina siri. Fisi aliisikia, akaja kuomba nafasi shuleni, jitu zima lenye mvi kidevuni. Mwalimu akamuuliza anatafuta nini kwa watoto.

"Bado nakua, mwalimu," alisema Fisi, macho yake yakiwa kisimani.

Hakukuwa na kanuni ya kumkataza, na Nungunungu hakuwa mtu wa kutunga kanuni kwa kuangalia sura. Fisi akakaa nyuma ya darasa, magoti yamefika masikioni, akawa wa kwanza kuamka na wa kwanza kusinzia.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya kuchagua mwenyekiti wa kisima. Shule ile ilipiga kura kwa mistari. Wagombea walisimama mbele, uso kwenye jua, mgongo kwa watu. Wapiga kura walijipanga nyuma ya wamtakaye, na mgombea hakuruhusiwa kugeuka mpaka mwalimu aseme. Nungunungu aliiweka hivyo makusudi, ili mwenye meno makali asimkodolee macho mnyonge anapochagua. Akageuka kabla ya neno, kura zake zimekufa.

Siku hiyo aligombea Ngiri, na aligombea Fisi. Ngiri alisema atasimamia kisima kama kilivyo. Fisi alisema, "Nichagueni mimi, kila mtu kata mbili." Wakacheka. Mzee mzima anaomba kura kwa vitoto!

Hapo Sungura akaona mchezo. Alikuwa na ulimi usiotulia, na mzaha ukimjia hakuwa na uwezo wa kuumeza.

"Jamani," aliwanong'oneza wenzake, "tumpe mzee kiti tuone kitakavyomkaa. Kuigiza tu huku."

Wakakanyagana kwenda nyuma ya Fisi. Digidigi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nyuma ya Ngiri hakubaki mtu. Mwalimu aliangalia mstari ule mrefu, miiba ikamlia kwa hasira, lakini mistari ilikuwa mistari. Akasema, "Mwenyekiti ni Fisi."

Asubuhi walimkuta mwenyekiti amelala juu ya kisima kama kifuniko. Tumbo limejaa, masharubu yanadondosha maji. Digidigi, aliyekuwa mbele, akainamisha kata yake.

"Mfupa uko wapi?" Fisi alimuuliza.

"Mfupa gani, mzee?"

"Mzee ni baba yako. Mimi Mheshimiwa Mwenyekiti. Kata moja kwa mfupa mmoja, ndio utaratibu mpya."

Digidigi alisema kwao wanakula majani, mifupa waliyonayo ni ile iliyomo miilini mwao. Fisi alimtazama miguu kwa makini, akasema hata hiyo yaweza kuzungumzwa. Digidigi akarudi nyuma bila kuaga.

Sungura akasogea, amejichekesha uso. Alimkumbusha Fisi kwamba ule ulikuwa mchezo wa darasani, na mchezo umekwisha.

"Mchezo?" Fisi alisema. "Mlijipanga, hamkujipanga? Mwalimu alitangaza, hakutangaza? Hakuna mchezo hapa, kijana. Mmenichagua kihalali, sasa niacheni niwatumikie." Akainama, akanywa tena.

Siku ile Sungura alirudi shimoni na kata kavu. Mama yake alimtazama, akawageuzia watoto titi lingine, nalo halikuwa na kitu. Sungura akatoka akakaa nje. Mzaha wake mwenyewe ndio uliokausha kata ile.

Walikwenda kwa Simba. Simba aliwasikiliza akiwa amelala, mkia unafukuza nzi, kisha akasema hashughuliki na vishimo vya watoto, na kwamba Fisi alikwisha kupita hapo jana akamwita Mfalme wa Mito Yote, neno ambalo wao hawajawahi kumwita. Wakatoka kwa adabu na midomo imekauka.

Walikwenda kwa mwalimu, na huko walikuta moto.

"Mnanililia mimi?" alisema Nungunungu. "Nilimweka mimi? Nilisimama nyuma yake mimi? Kilichowekwa na mkutano kitaondolewa na mkutano. Itisheni mkutano."

"Anayeitisha mkutano ni mwenyekiti," alisema Ngiri. "Na mwenyekiti hainuki."

"Basi mfikirie namna ya kumwinua. Nimewafundisha bure?" Akawapa mgongo, na mgongo wa Nungunungu si wa kubembelezwa.

Sungura alirudi peke yake, akipiga mahesabu. Fisi kwa nguvu hawamwezi. Kwa aibu pia hawamwezi, hana. Lakini kuna mlango mmoja wa Fisi ambao haujawahi kufungwa, nao ni tumbo. Na kuna kanuni moja ya darasa waliyoikariri mpaka ikawachosha: mtu mmoja, kiti kimoja; akitaka kingine, aachie hiki kwanza mbele ya mkutano, ndipo agombee.

Kesho yake akaenda kisimani, akakaa mbali kidogo na meno ya mwenyekiti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Mfupa?"

Sungura akasema hana mfupa, ana hoja. Ukame umeua nyati nyuma ya mlima, na wengine wanafuata. Tai wameanza kuzunguka. Wanakijiji wanaona inafaa iundwe kamati ya mizoga, nayo iwe na mwenyekiti wake wa kugawa. Yote yalikuwa kweli. Nyati walikufa, na kamati watu walikuwa wanaitaka, maana uvundo ulishafika majumbani.

Fisi akainua kichwa. Mate yakaanguka kisimani.

"Mizoga mingi?"

"Mingi. Lakini nakwambia mapema, Mheshimiwa, usije ukasema hukuambiwa. Ukitaka kiti cha mizoga lazima uachie cha kisima kwanza. Ndiyo kanuni."

"Mikubwa?"

"Mikubwa. Kanuni umeisikia? Unaachia kwanza, ndipo unagombea. Na waweza kushindwa."

"Nishindwe na nani?" Fisi alicheka kicheko chake kile. "Si ninyi mlikanyagana nyuma yangu? Nikishapata mizoga, kisima nitamweka mpwa wangu. Itisha mkutano kesho."

"Anayeitisha ni wewe."

"Nimeitisha."

Jioni Sungura alipita shimo kwa shimo na kichaka kwa kichaka. Hakuwaahidi kitu. Aliwaambia kosa la mwanzo ni lake, ulimi wake ndio uliolileta. "Juzi tulisimama kwa kicheko," alisema. "Kesho tusimame kwa kiu." Digidigi alimjibu kwamba yeye kwa kiu anaweza kusimama hata kichwa chini.

Palibaki jambo moja. Fisi akishindwa angekimbilia kwa Simba, na Simba angempiga mtu kofi kumaliza usumbufu. Kwa hiyo Sungura akaenda kwa Simba tena, safari hii na maneno mengine. Alimwambia mkutano wa kesho ni mkubwa, umekosa mgeni rasmi, na wanakijiji wanaona hakuna sauti nyingine bondeni inayoweza kutangaza matokeo yakasikika mpaka ng'ambo. Simba akaacha kufukuza nzi. Aliuliza kama kutakuwa na mahali pa juu pa kukaa. Kutakuwa na kichuguu, akaambiwa, kirefu kuliko vyote.

Basi kesho yake bonde zima likajaa mtoni. Simba juu ya kichuguu, manyoya yamechanwa. Nungunungu kando, kama mtu anayesikiliza chungu jikoni.

Mwalimu akasoma ajenda, akaisoma na kanuni. Fisi alikuwa haisikii, alikuwa anaangalia tai. Akasimama akasema kwa sauti, "Kisima nimeachia. Sasa tuje kwenye mizoga."

"Umeachia kwa hiari yako?" mwalimu alimuuliza.

"Kwa hiari, kwa hiari. Twende."

Mgombea wa pili alikuwa Ngiri, ambaye mzoga hajawahi kuugusa. Fisi alipomwona alicheka tena. Wote wawili wakasimama, uso kwenye jua, mgongo kwa watu. Fisi akaanza kuahidi: mapaja kwa waliotangulia mstarini, mbavu kwa watakaofuata, ulimi wa nyati kwa mgeni rasmi. Nyuma yake alisikia miguu mingi ikikwaruza mchanga. Akatabasamu. Miguu ikaendelea. Akaona huruma kwa Ngiri.

"Geukeni," alisema Nungunungu.

Fisi akageuka. Nyuma yake palikuwa na kivuli chake, kirefu, na mwisho wa kivuli hakuna mtu. Mstari wa Ngiri ulizunguka kichuguu ukapotea kwenye kona ya mto.

Simba hakujua mengi ya mikutano, ila mstari mrefu na usiokuwepo aliweza kuitofautisha. Akajaza kifua, akanguruma mpaka mchanga ukatetemeka: mwenyekiti wa mizoga ni Ngiri, na kiti cha kisima kiko wazi. Ng'ambo walisikia. Alijipenda sana wakati ule.

Fisi alirudi mbio kisimani. Akakuta Nungunungu amemtangulia, amekaa juu ya kisima, miiba imesimama yote.

"Ondoka hapo, mwalimu. Huu ulikuwa mchezo," alisema Fisi. "Mchezo wa watoto. Mfalme, waambie, tulikuwa tunaigiza tu."

Simba akateremka kichuguu polepole.

"Mchezo?" alisema. "Mimi nimepanda kichuguu mbele ya bonde zima, nikatangaza mchezo?"

Fisi alitazama meno ya Simba, akasema hapana, Mfalme, labda alikosea neno.

"Umekosea."

Wakachagua mwenyekiti wa kisima saa ile ile. Sungura akajitokeza mbele akiwa na uhakika, maana nani asiyejua kazi aliyoifanya? Digidigi naye akasimama kando yake. Walipoambiwa wageuke, mstari ulikuwa wa Digidigi. Nyuma ya Sungura alikuwa Ngiri peke yake, kwa ajili ya urafiki.

"Mnanitania," alisema Sungura.

"Hatutanii," alisema Digidigi. "Anayejua sana kuwatoa watu kitini, sisi tunaogopa kumpa kiti."

Sungura masikio yalimlala. Kisha kicheko kikamtoka, hakuweza kukizuia, akaenda akajipanga mstarini kama wengine. Kata yake ilipojaa, hakukaa kusikia hotuba. Alikwenda mbio za polepole, mikono miwili imeshika kata, tone lisianguke. Mama yake alikunywa yote, na jua halijatua maziwa yakaanza kurudi, na shimoni kukawa na kelele za watoto wanaogombana.

Na Fisi? Alivuka mlima kufuata mizoga, akakuta Ngiri ameshaigawa: tai wanatafuna, mbweha wanatafuna, na sehemu yake inaoneshwa kwa kidole, nayo ni kwato. Akarudi mtoni kwa kiu, akataka kupita mbele. Wakamwonesha mkia wa mstari. Alisimama huko, jitu zima la mvi, nyuma ya vifaranga wa kanga, na zamu yake ilipofika Digidigi akampa kata moja, bila kumdai mfupa. Alipoomba ya pili, mstari mzima ulimjibu kwa sauti moja: mtaka yote hukosa yote.