Kondo Lililozikwa Kisimani

Sogeeni. Na wewe unayenong'ona huko nyuma, nyamaza. Leo umbea ni wangu.

Palikuwa na watu watatu. Bi Namkunda, wa nchi ya Kaskazini, alikuwa mkunga ambaye mikono yake iliweza kumgeuza mtoto tumboni bila mama kujua. Mashambo, wa nchi ya Kusini, alikuwa na mbio. Wake wawili walimwacha kwa sababu hawakuwahi kumkuta amekaa. Chausiku hakuwa wa kokote. Kaskazini walimwita wa Kusini, Kusini wakamwita wa Kaskazini, naye akajenga kibanda katikati. Yeye alikuwa na maziwa tu. Mwanawe alikufa kwa homa, na kifua kilikuwa bado hakijapata habari.

Wote walichota maji Mawe Meupe, kisima kilichokuwa mpakani.

"We Mashambo, hata ndoo inakukimbia!" Bi Namkunda alikuwa akimtania.

"Afadhali yangu inakimbia, shangazi. Yako inavuja kama mdomo wako!"

Walicheka hivyo mpaka serikali mbili zilipokumbuka kwamba kisima ni chao, kila moja peke yake. Zikaja bendera. Nyuma ya bendera, bunduki.

Palikuwa na mama mmoja mjamzito, Nakijwa. Mumewe alikuwa akinywesha mbuzi hapo, akapigwa risasi. Hadi leo Kaskazini wanasema ilitoka Kusini, na Kusini wanasema ilitoka Kaskazini. Risasi yenyewe amezikwa nayo, haisemi.

Nakijwa, mimba imetimia, akaenda kumlilia mumewe palepale kisimani. Uchungu ukamshika huko.

Bi Namkunda akapita mbele ya bunduki na beseni lake kichwani. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu.

"Sukuma, mwanangu."

"Mama, sina nguvu."

"Basi niachie mimi."

Akamtoa mzima, wa kiume. Mama akakata roho. Na Bi Namkunda, kwa mazoea ya mikono yake, akazika kondo la nyuma la mtoto kando ya kisima. Wala hakufikiri.

Risasi zikaanza tena. Mashambo akaja mbio, akamfunga mtoto kifuani kwa kanga ya marehemu, akakimbia katikati, askari wa pande zote wakimlenga. Bega likavunjwa. Hakusimama. Mkono ule mpaka leo unaning'inia tu.

Alipofika kwa Chausiku, mtoto alikuwa halii tena.

"Nimeleta maiti," Mashambo akasema.

"Hebu nyamaza." Chausiku akamtia titi mdomoni, akangoja, akangoja. "Anavuta."

Sasa sikieni balaa. Kwa watu wa huko, lilipozikwa kondo lako ndipo pako, na hakuna wa kukutoa. Wazee wa nchi zote mbili wakakubaliana kwa mara ya kwanza: kisima ni cha mtoto, na nchi ya atakayemlea ndiyo itakayokishika. Bunduki zikanyamaza. Na wale ambao hawakuleta hata sanda ya mama yake wakaja na blanketi na sukari!

"Mkunga ni wetu," wakasema Kaskazini. "Bila yeye mtoto angezikwa tumboni."

"Aliyempitisha kwenye risasi ni wetu," wakasema Kusini.

Chausiku hakuulizwa. Akasema mwenyewe, "Mimi sina nchi ya kumpa. Nina maziwa."

"Na kisima?" wazee wakamuuliza.

"Anywe kila mwenye kiu."

Hapo wazee wakaogopa. Kisima cha asiye na nchi, bunduki zingekirudia kesho yake.

Kilichoniuma ni wale watatu, kila mmoja akimtaka mtoto. Hakuna tena shangazi, hakuna utani wa ndoo.

"Nimepokea watoto wa watu maisha yangu yote," Bi Namkunda alisema, "sina hata mmoja wa kunifumba macho."

"Mkono uliobaki unatosha kumbeba," Mashambo alisema.

Na Chausiku? Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani.

Basi wazee wakamlaza mtoto juu ya mawe meupe, kati ya kaburi la mama yake, aliyezikwa papo hapo, na kondo lake. Bi Namkunda akimpata, mbuzi wa Kusini watakufa kwa kiu. Mashambo akimpata, watakufa wa Kaskazini. Chausiku akimpata, watakufa watu.

Mtoto analia, jamani. Watatu wamenyoosha mikono, na Mashambo ameunyoosha ule mmoja. Wazee wameinamisha vichwa, wanangoja neno lenu.

Haya, semeni: mngemweka mikononi mwa nani?