Kiboko Asiyetajwa Jina

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na neno!
Neno la nani?
— La mwenye mdomo!
Na masikio je?
— Tumekuja nayo!

Basi sogeeni. Hapo kale palikuwa na mji uitwao Mpungani, kando ya mto mpana. Watu wake walilima mpunga, walikula mpunga, na hata posa walipeleka mpunga. Na kwa kuwa mtoni kulikuwa na viboko, mababu zao walizungushia mashamba boma la magogo ya mkongo. Magogo mazito, jamani! Kila moja lilibebwa na wanaume wanne na matusi mengi.

Mji huo ulikuwa na Liwali, jina lake Kambangwa. Liwali Kambangwa alikuwa mfupi, tena alipenda kuonekana. Sasa mtu mfupi akitaka kuonekana afanyeje? Apande juu! Akajijengea roshani mbele ya nyumba, roshani ya miguu mirefu, akawa anasimama huko asubuhi na jioni kupungia watu mkono.

Liwali alikuwa na msemaji, Bwana Chaurembo. Kazi yake ilikuwa kusema. Si kusema kitu. Kusema tu. Mkewe akimwuliza, "Mume wangu, chumvi imekolea?" yeye hujibu, "Suala la chumvi liko katika hatua nzuri, na wahusika watajulishwa." Yule mama akaacha kuuliza. Alitia chumvi kwa imani.

Siku moja, mchana kweupe, kiboko akatoka mtoni. Akatembea, akatembea, akatembea. Akafika palipokuwa na boma, asione boma. Akaingia shamba la Mzee Ungando. Kwachu, kwachu, kwachu! Hebu semeni nami:
— Kwachu, kwachu, kwachu!
Hivyo hivyo. Shamba likabaki kipara.

Watu wakakimbilia kwa Liwali. "Liwali! Liwali! Kiboko anakula mpunga!"

Liwali, kule juu, akamtazama Chaurembo. Chaurembo akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, tuepuke lugha ya taharuki. Huyo si kiboko. Huyo ni mdau wa majini, yuko katika ziara ya mafunzo nchi kavu."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeelewa. Lakini nani akubali kuwa mjinga wa kwanza? Mmoja akapiga makofi, wa pili akafuata, wa tatu, kisha wote. Wakarudi makwao wakijiona wasomi.

Siku ya pili kiboko akarudi. Akaingia shamba la Mkumba, mpiga zumari. Kwachu, kwachu, kwachu! Watu wakakimbia tena. "Liwali! Mpunga wa Mkumba umeliwa wote!"

"Haujaliwa," akasema Chaurembo. "Mavuno yamewahishwa, kwa utaratibu wa kushirikisha matumbo ya nje."

Makofi. Hata Mkumba mwenyewe alipiga, maskini, huku machozi yanamtoka.

Siku ya tatu kiboko akaingia shamba la Bi Siwatu. Huyu alikuwa mjane mwenye wajukuu wanne. Miezi mitatu alikuwa ameinama katika shamba lile, hata mgongo ukasahau kunyooka. Asubuhi ile alikuta nyayo, kinyesi, na shina moja la mpunga. Moja! Nadhani lilimkwama kiboko kwenye jino, akalitema. Bi Siwatu akakaa chini akalia. Alipomaliza kulia, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Liwali, na watu nyuma yake.

"Bwana Chaurembo, wajukuu wangu watakula nini?"

"Mama yangu, tusikimbilie kuiita njaa. Hiyo ni fursa ya utumbo kupumzika."

Mzee Ungando akainua mikono apige makofi. Bi Siwatu akamgeukia.

"Ungando, umeelewa nini?"

"Mimi? Nimeelewa... kwa ujumla."

"Hebu nieleze huo ujumla."

Ungando akaitazama miguu yake kama aliyeiona leo. Bi Siwatu naye akatazama miguu, lakini ya roshani. Akaitazama sana. Ilikuwa magogo. Magogo ya mkongo! Moja bado lina alama ya shoka la marehemu babu yake.

Mmeona, ndugu zangu? Liwali akisema kiboko, watu watauliza: amepita wapi? Wakijua alipopita, watauliza: boma liko wapi? Na boma liko chini ya makalio ya Liwali, linanywewa chai.

Bi Siwatu hakupiga kelele. Aliwaita majirani kisimani, akawaeleza yote. Wakataka kwenda na mapanga. "La," akasema. "Mtu huyu ukimwuliza kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kichaurembo. Nileteeni matikiti. Na kesho, lolote atakaloomba, na sisi tumjibu kwa Kichaurembo."

Kulipopambazuka, wakapanga matikiti. Hatua kumi, tikiti. Hatua kumi, tikiti. Kutoka ukingo wa mto mpaka chini ya roshani, na pale wakayarundika. Kiboko akatoka, akanusa, akafuata. Kwachu! Kwachu! Kwachu! Liwali na Chaurembo walikuwa juu wanakunywa chai ya tangawizi. Kiboko akamaliza rundo, akashiba, akacheua. Kisha mgongo ukamwasha. Akauegemeza kwenye mguu wa roshani, akaanza kujikuna.

Roshani ikaenda kulia. Roshani ikaenda kushoto. Chai ikaenda kifuani kwa Liwali.

"Jamani! Nisaidieni!"

Watu wakaja, wakasimama mbali kidogo, wakafunga mikono.

"Kuna nini, Liwali?" akauliza Bi Siwatu.

"Hamwoni? Kuna... kuna... Chaurembo, sema!"

Chaurembo alikuwa amekumbatia mtungi wa maji. "Wa-wananchi, tunapitia changamoto ya uthabiti wa jukwaa..."

"Poleni," akasema Bi Siwatu. "Tutaunda kamati."

"Mdau huyo yuko ziarani," akasema Ungando. "Tusimkatishe masomo."

Na Mkumba akasema, "Roshani haianguki, Liwali. Inasogezwa karibu na wananchi."

Gogo likalia: kwaaa! Liwali akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mto:

"KIBOKO!"

"Ati?"

"Kiboko! Kiboko mnene, ana meno, anajikuna!"

"Amepita wapi?"

"Pale boma lilipokuwa!"

"Na boma liko wapi?"

Kiboko akageuza ubavu wa pili, akajikuna kwa raha zaidi.

"Nimelikalia!" akalia Liwali. "Nililing'oa mimi, jamani, nimelikalia!"

Hapo watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha wanawake wakapiga masufuria, na Mkumba akampulizia kiboko zumari sikioni. Kiboko akaondoka mbio mpaka mtoni. Wapo wasemao masufuria yalimtisha. Mimi nasema ni zumari. Mkumba alipuliza vibaya sana.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu alificha kiboko, roshani ikamuumbua.

Siku ileile roshani ikashushwa, na magogo yakarudishwa shambani. Liwali alibeba. Mpunga wa ghala lake ukagawiwa nyumba tatu zilizoliwa mashamba, mpaka msimu mwingine.

Chaurembo naye alibeba gogo. Jua lilipokuwa utosini akakaa kivulini, bega limevimba kama andazi. Bi Siwatu akamletea bakuli la uji.

"Habari ya kazi, baba?"

Chaurembo akafungua mdomo. Watu wote wakaacha kutafuna. Alipepesa macho, akatafuta neno, akatafuta tena.

"Bega linauma," akasema.

"Hapo nimekuelewa," akasema Bi Siwatu, akamwongezea uji.

Nami nilikuwepo, nikaonja uji ule, ukaniunguza ulimi. Ndiyo maana nasimulia kwa pupa. Hadithi naitua hapa. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni, na ambaye hakuelewa aulize sasa hivi, asinipigie makofi.