Mama Atakuja Jana

Kitu kikiingia mvunguni mwa kitanda hakiangalii mwenye kitanda ni nani. Awe bwana shauri, awe tajiri wa ng'ombe, atapiga magoti, shavu litagusa vumbi. Anayesimama wima akikiamuru kitoke atasimama mpaka miguu imwote mizizi. Wazee walioisema methali ya mvungu hawakuwa watu wa maneno mengi. Walikuwa watu waliowahi kupoteza vitu.

Mwalimu Mwanaheri alizaliwa Pangani, na Kiswahili chake kilinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Alipopangiwa kufundisha darasa la pili katika shule moja ya Nyakitonto, huko Kasulu vilimani ambako asubuhi watoto huja wamejikunyata ndani ya masweta, alifika na masanduku yake na sheria moja. "Humu darasani ni Kiswahili tu," alisema. "Kilugha kibaki mlangoni pamoja na matope." Hakuwa mtu mbaya. Aliwafuta watoto kamasi kwa leso yake mwenyewe, na mtoto akipata vyote alimpigia makofi kuliko darasa zima. Ila alitaka watoto wapande wamfuate alipo. Yeye kushuka hakuwahi kufikiria.

Katika darasa hilo alikuwamo Ndayikeza, binti wa Immakulata, mkulima wa maharage. Babu zake walitoka Burundi wakikimbia vita, na nyumbani kwao bado walizungumza Kirundi, ambacho na Kiha cha majirani ni ndugu wa tumbo moja. Ndayikeza alipoitwa mbele kusoma alifungua mdomo, akayaona macho ya wenzake, akaufunga. Mwalimu Mwanaheri akamwagiza amlete mzazi.

Siku iliyofuata akamwuliza, "Ndayikeza, mama yuko wapi?"

"Mama atakuja jana, Mwarimu."

Darasa likaangua kicheko. Saady, mtoto wa mwenye duka, ambaye ulimi wake haukujua mapumziko, akadakia, "Na baba yake atakuja juzi!" Mwalimu naye, jamani, ni binadamu; kicheko kikamponyoka. "Haya," alisema akifuta machozi, "mwambie nitamngojea mwaka jana."

Ndayikeza akaketi. Tangu hapo akawa kimya kama maji ya mtungi. Mzazi hakuonekana, na Mwanaheri akaamini kwamba amepuuzwa.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu mkuu, Mwalimu Tharsisi, alimsimamisha Mwanaheri uwanjani. "Asiyesoma arudi darasa la kwanza," alisema. "Nitajie majina leo kabla ya kengele ya kuondoka. Yule Ndayikeza vipi?"

"Sijamsikia hata herufi."

"Basi arudi."

Kwa Ndayikeza, darasa la kwanza halikuwa chumba cha jirani tu. Ndiko alikokaa Reverien, mdogo wake, ambaye kila asubuhi yeye ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Kuketi naye dawati moja! Alikwisha kumwambia mama yake kwamba ikifikia hapo, daftari atalitupa na kushika jembe.

Saa ya mapumziko Mwanaheri alipita nyuma ya madarasa, akashtuka kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Watoto wazuri hawatafuni kola! Reverien, kaa wima. Hapa pameandikwaje?"

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe wa nani, wewe? Tazama herufi, usitazame porini!"

Alikuwa Ndayikeza. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kijiti, alikuwa ameandika sentensi nzima kwenye udongo mwekundu na kuwasomesha watoto wadogo, kwa madaha yote ya Pangani. Kivuli cha mwalimu kilipoangukia maandishi, wadogo wakatawanyika kama vifaranga. Midomo ya Ndayikeza ikajifunga kama mlango wa duka saa ya swala.

Mwanaheri alibaki akizitazama zile herufi. "Kumbe kitu kipo," alijisemea. "Kipo chini. Aliyesimama juu ni mimi."

Mchana watoto walipoingia darasani na kuamkia, hakwenda ubaoni. Alikwenda kwenye dawati la Ndayikeza, akajibana kando yake, magoti yakampanda karibu na kidevu.

"Leo mwanafunzi ni mimi," alisema, kisha akatoa salamu ya Kiha aliyoiokota njiani: "Mwakeye!"

Darasa likavunjika mbavu. Saady akaanguka chini kabisa. Masikio ya Mwanaheri yaliwaka moto. Hakuwahi kuchekwa kwa sababu ya ulimi wake tangu azaliwe. Ndipo kando yake kikasikika kisauti:

"Mwarimu, mwakeye ni ya asubuhi. Sasa jua limekwenda."

"Kumbe nimechanganya saa?"

"Ndiyo."

"Na mtu akichanganya, anafanywaje?"

Ndayikeza akafikiri. "Anachekwa kidogo, halafu anaambiwa."

Neno hilo lilimkaa Mwanaheri kooni kama mwiba wa samaki. Yeye alicheka, kumwambia hakumwambia.

"Basi niambie. Kwenu kesho mnaiitaje?"

"Ejo."

"Na jana?"

"Ejo."

"Nimeuliza jana, mwanangu."

"Ejo, Mwarimu."

"Sasa mtu atajuaje ni ipi?"

Ndayikeza alimtazama kwa ile huruma ambayo walimu huwatazama nayo wanafunzi wazito. "Ukisema alikuja, ni ile iliyopita. Ukisema atakuja, ni ile bado. Lile neno la kuja ndilo linasema."

Mwanaheri akarudia polepole, midomo ikicheza bila sauti: mama *atakuja* jana. Atakuja. Jibu lilikuwamo humo humo, kavu kama punje ya harage ndani ya ganda, naye alilitupa ganda.

"Ndayikeza, kwani mama alikuja?"

"Alikuja. Siku ile ya pili. Wewe ulikuwa umekwenda Kasulu mjini. Akakaa barazani mpaka mvua ikamkuta, akarudi na parachichi zake."

Mwalimu akavuta kitabu cha mtoto, akakifungua juu ya dawati. "Basi mwalimu wangu, nisomee. Mimi sisimami, nawe usisimame."

Ndayikeza akaanza, sauti ndogo kama ya panya ghalani. Alipofika kwenye kalamu akasoma "karamu". Saady akavuta pumzi tayari kwa kicheko, mwalimu akamwinulia kidole, kisha akamnong'oneza Ndayikeza sikioni, "Karamu ni ya harusi, tunakula pilau. Ya kuandikia ni ka-la-mu."

"Kalamu," akasema Ndayikeza, na tabasamu la pilau, akaendelea. Sauti ilikua sentensi kwa sentensi. Ukurasa ulipokwisha alifunua mwingine bila kuambiwa.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Tharsisi, hajulikani tangu lini. "Majina, mwalimu?"

"La Ndayikeza halimo." Mwanaheri alijikwamua kutoka dawatini. "Mwalimu Mkuu, hili la ejo ulilijua?"

"Mimi mtu wa hapa hapa, nikose kulijua?"

"Na hukuniambia!"

"Hukuuliza. Tena si uliagiza kilugha kibaki mlangoni? Nami hukaa mlangoni."

Kengele ilipolia, Mwanaheri alimshika Ndayikeza bega. "Mwambie mama, nitakuja kwenu jana. Na zile parachichi nazitaka."

Ndayikeza alicheka mpaka akamwegemea Reverien, aliyekuja kumngoja mlangoni. "Kesho, Mwarimu! Inaitwa kesho!"

"Ahsante kwa kuniambia."

Naye alikwenda, siku ile ile aliyoahidi, matope yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Immakulata alitoka mbio akifuta mikono kwenye kitenge. "Karibu, mwalimu, karibu ndani! Ila angalia kichwa, mlango wetu ni mfupi." Ndani, juu ya mkeka, parachichi zilikuwa zinangoja. Mwanaheri akacheka, akakunja mgongo wake wa Pangani, akaingia. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.