Siku Feruzi Alipokataa Kugeuza Shuka

"Geuza moyo, nguo itafuata." Wajukuu wa Mzee Shomari waliisikia methali hii kwa mama yao, alipomwonya kaka yao aliyejisifia kanzu mpya ya Ijumaa. Wakamwendea babu yao kumwuliza asili yake. Mzee akawaambia kwamba ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kiwambo mvua za masika zilikawia, mahindi yakasinyaa yangali machanga, na visima vikatoa tope. Shehe Mwinchande akawaita watu wote uwandani kuswali sala ya kuomba mvua. Feruzi, mgema wa tembo, aliusikia mwito akiwa juu ya mnazi. Alimpenda Mungu tangu utotoni, lakini kila alipoapa kuacha tembo, kiu ilimrudisha mnazini. Hata hivyo alishuka, akaoga, akaenda kusimama safu ya mwisho.

Baada ya sala, Shehe alielekea kibla, akageuza shuka lake, upande wa ndani ukawa nje. Ndiyo desturi ya sala ile: kumwomba Mungu ageuze ukame uwe neema. Watu wote wakageuza mashuka yao, isipokuwa Feruzi.

"Mgema, geuza," jirani yake Bakari akanong'ona. "Au tembo la asubuhi limekulegeza mikono?"

Wawili watatu wakacheka chinichini.

"Leo sijaonja kitu, ndugu yangu."

"Basi geuza. Watoto wetu watakufa njaa kwa ukaidi wako."

Shehe, aliyekwisha kuinua mikono kuomba, aliuliza kuna nini huko nyuma.

"Ni Feruzi, Shehe," Bakari akajibu. "Anatuharibia dua."

Feruzi alilishika shuka lake. Wakimfukuza hapa, atakwenda kumwomba Mungu wapi?

"Shehe wangu," alisema, "nguo nimeigeuza mara nyingi. Nimeoga, nimevaa safi, nimeapa, kisha nikarudi kulekule. Leo naona haya kumwonyesha Mola upande wa pili wa shuka, na moyo uko upande uleule. Niacheni niugeuze huu kwanza."

Akasujudu mchangani. "Mola wangu, ni mzito. Siuwezi peke yangu. Nisaidie."

Shehe Mwinchande alishusha mikono.

"Feruzi amenitangulia," alisema taratibu. "Mimi na ndugu yangu hatujasalimiana tangu mirathi ya baba."

Akapita katikati ya safu, akamshika nduguye mkono. Bakari naye akainama kando ya Feruzi. "Niwie radhi, jirani." Mmoja baada ya mwingine, watu wakatafutana. Ndipo walipoinua mikono tena.

Upepo wa baridi ukashuka kutoka vilimani, ukiwa na harufu ya udongo uliolowa. Tone likamwangukia Feruzi mgongoni, angali amesujudu, kisha jingine, kisha mbingu zikafunguka. Hakuna aliyekimbia. Wala hakuna aliyethubutu kusema ni dua ya nani iliyopokelewa. Feruzi akasimama, akalivua shuka lake lililorowa, akaligeuza.

"Hakurudi tena mnazini, babu?" mjukuu mmoja aliuliza.

"Alirudi," Mzee Shomari akajibu. "Alianguka, akainuka, akaanguka tena, akainuka, hata mwishowe kisu chake cha kugemea kikashika kutu. Lakini tangu siku ile hapana aliyemcheka akiinuka. Na mtu wa Kiwambo akitaka kuuvaa uchaji kama vazi, wenzake humwambia: geuza moyo, nguo itafuata."