Bakuli la Kuonja

Kama unamfahamu mtu mwenye ugonjwa wa figo, msomee kisa hiki.

Palikuwa na mpishi wa shughuli aliyeitwa Hatibu. Pilau yake ndiyo iliyoipa harusi jina. Chumvi aliitia kwa kiganja, akaonja mchuzi kwa upawa, akaongeza, akaonja tena. Kijiko cha kupimia, kwa wapishi wa kwao, kilikuwa cha wanagenzi.

Figo zake zilipoanza kudhoofika, daktari alimwambia apunguze chumvi. Nyumbani alitii. Mkewe, Mwanakombo, alipika samaki kwa ndimu na tangawizi, wakala wote wawili bila chumvi. Hata hivyo, kila akienda kliniki presha ilikuwa juu na miguu imevimba.

"Bwana Hatibu, tukiendelea hivi, mwakani utasafishwa damu kwa mashine," muuguzi alimwambia. "Unakula wapi kwingine?"

"Sili popote. Shughulini naonja tu."

"Basi shughuli ijayo, kila ukionja, tia kiasi hichohicho kwenye bakuli. Kisha ulitazame."

Hatibu alihisi anafanyiwa mzaha, lakini ile mashine ilimtisha. Jumamosi alipika masufuria sita, na kila alipoonja, alimimina. Aliposhusha sufuria la mwisho, bakuli lilikuwa limejaa mchuzi hadi ukingoni.

Alikaa kwenye kigoda, akalitazama. Mwanakombo alikuwa amejinyima chumvi miezi minane ili mumewe asile peke yake. Naye Hatibu bakuli hilo alikuwa akilinywa kila wiki.

Harusi iliyofuata alikuja na kijiko cha kupimia. Msaidizi wake, Shebuge, akacheka.

"Fundi, leo umerudi darasa la kwanza?"

"Nimerudi. Na kuonja ni kazi yako sasa. Ikiharibika, nitasema pilau ni yako."

"Na ikiwa tamu?"

"Yangu."

Wageni walirudia sahani.

Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka na miguu imenywea. "Figo hazijapona," muuguzi alisema, "lakini hazijazidi kudhoofika. Mashine tuiache kwanza."

Jioni hiyo Hatibu alimsogezea mkewe kibakuli cha chumvi.

"Tia kwenye sahani yako, mama. Yangu nitaichunga mwenyewe."

Funzo: Daktari anakuona mara moja kwa miezi mitatu, siku nyingine zote figo zako zinakutegemea wewe. Anza kupima kile unachodhani hakihesabiki.